Utabiri unasema mawimbi ya mita 1.2: kwa nini mlangoni hali hubadilika siku hadi siku?

Boti_Ndogo (swali)

Salaam kwenu nyote. Ninaendesha boti ndogo ya mashine katika maji yasiyozidi maili chache kutoka ufukweni, na sitoki kabla ya kusoma utabiri wa bahari. Kuna jambo linalonitatiza, nami ningependa kulielewa tangu mzizi wake badala ya kupewa kanuni ya kukariri. Hutokea siku mbili zikawa na utabiri unaokaribia kuwa mmoja, yaani upepo wa noti 12 hadi 15 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, sawa na kilomita 1.852) na mawimbi ya mita 1.2, lakini siku ya kwanza nikapita kwenye mlango wa bahari (njia nyembamba ya vyombo kuingia na kutoka baharini) bila taabu yoyote, na siku ya pili nikaukuta mlango ule ule umejaa mawimbi mafupi, yenye migongo iliyosimama wima, yakivunjika katikati ya njia ya vyombo.

Sidhani kwamba utabiri ulikosea, kwa sababu huko nje, mbali na nchi kavu, hali ilikuwa kama ilivyoelezwa siku zote mbili. Ninataka kujua mambo matatu. Kwanza, ile namba ya urefu wa mawimbi ina maana gani hasa: je, ni wimbi kubwa kuliko yote, au ni wastani? Pili, ni sehemu gani nyingine za utabiri ninazozipuuza ilhali ndizo zinazotofautisha siku hizo mbili? Tatu, mtu huchukuaje maelezo ya bahari ya wazi na kuyageuza kuwa makadirio ya mahali padogo mno, kama vile mlango, ghuba au upande mmoja wa rasi? Abiria wangu mara nyingi ni watu wa familia, wakiwamo watoto, hivyo naomba majibu yenye sababu, hata yakiwa marefu.

Mpima_Mawimbi

Ndugu, nitaanza na namba yenyewe, kwa kuwa wengi huitegemea bila kujua inapima nini.

Urefu unaotajwa katika utabiri si wimbi kubwa kuliko yote, wala si wastani wa mawimbi yote. Ni wastani wa ile theluthi moja ya mawimbi yaliyo marefu kuliko mengine. Kipimo hiki kilishika mizizi wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, pale Harald Sverdrup na Walter Munk walipotengeneza njia ya kutabiri mawimbi kwa ajili ya majeshi yaliyotakiwa kushuka ufukweni, na kimebaki kutumika kwa sababu kinakaribiana na kile ambacho jicho la baharia mzoefu hukadiria linapotazama bahari. Utabiri ukisema mita 1.2, basi mawimbi mengi yatakuwa madogo kuliko hapo, lakini moja kati ya mia litafikia karibu mara moja na nusu ya namba hiyo, na moja kati ya elfu litakaribia mara mbili. Tena mawimbi elfu moja si mengi: yakipita kila baada ya sekunde 8, yote yatakuwa yamepita kwa muda wa saa mbili na robo hivi. Mtu anayeshinda baharini kwa utabiri wa mita 1.2 anapaswa kutarajia kukutana na wimbi la mita 2.2 au zaidi kidogo, na wimbi hilo litakuwa ndani ya utabiri, si nje yake.

Namba ambayo nadhani inakosekana katika usomaji wako ni kipindi cha mawimbi, yaani sekunde zinazopita kati ya kilele kimoja na kinachofuata mahali pamoja. Katika maji yenye kina kikubwa, umbali kati ya kilele na kilele, kwa mita, hupatikana kwa kuchukua kipindi, kukizidisha kwa chenyewe, kisha kuzidisha jibu kwa 1.56. Kwa hesabu hiyo, vilele vya mawimbi ya sekunde 6 huachana kwa mita 56 hivi, na vya mawimbi ya sekunde 14 huachana kwa mita 306. Wimbi huanza kuguswa na sakafu ya bahari pale kina kinapopungua hadi nusu ya umbali huo. Kwa hiyo wimbi la sekunde 6 haliathiriwi na kilichoko chini mpaka lifike kwenye kina cha mita 28, wakati la sekunde 14 limeshaanza kuguswa tangu kina cha mita 150, na kadiri linavyoingia kwenye maji haba ndivyo linavyopunguza mwendo, kubana umbali wake na kuinua mgongo. Mawimbi mawili yaliyokuwa na urefu mmoja huko nje hayafiki ufukweni yakiwa na urefu mmoja.

Zaidi ya hayo, nguvu inayobebwa na wimbi hukua kwa mraba wa urefu wake na pia hukua sambamba na kipindi. Mawimbi ya mita 1.2 yenye kipindi cha sekunde 14 huleta ufukweni nguvu inayozidi mara mbili ile ya mawimbi ya mita 1.2 yenye kipindi cha sekunde 6. Nahisi sana kwamba siku zako mbili zilitofautiana hapo.

Ndiyo maana taarifa nzuri za bahari hutenganisha mawimbi ya aina mbili. Kuna mawimbi ya upepo, ambayo huzaliwa na upepo unaovuma pale pale ulipo, nayo huwa mafupi, yenye vurugu, na hutulia muda si mrefu baada ya upepo kutulia. Kisha kuna mawimbi ya mbali, yaliyozaliwa na dhoruba ambayo huenda hujaisikia kabisa, yakasafiri hadi kwako. Makundi ya mawimbi ya sekunde 14 husafiri katika bahari kuu kwa mwendo wa noti 21 hivi, yaani zaidi ya kilomita 900 kwa siku, na yale yenye kipindi kirefu zaidi hutangulia kufika. Mtu aliyepo ufukweni anaweza kuona anga safi, upepo wa noti 5, na mbele yake mawimbi ya mbali yanaanza kuingia yakiwa machache na yenye nafasi kubwa kati yake. Akidanganywa na utulivu wa upepo, hatajiandaa kwa yale yanayofuata.

Jumla ya aina hizi mbili haipatikani kwa kujumlisha tu. Unachukua mraba wa kila urefu, unajumlisha, kisha unatafuta kipeuo cha pili: mawimbi ya upepo ya mita 1.0 pamoja na mawimbi ya mbali ya mita 1.5 hutoa mita 1.8, wala si mita 2.5. Ukiona taarifa ina namba moja tu ya urefu, elewa kwamba namba hiyo inaweza kuficha mchanganyiko wa namna nyingi, kila mmoja na tabia yake utakapofika penye kina kidogo.

Rubani_wa_Mlango

Nakubaliana na yote aliyosema ndugu Mpima_Mawimbi, lakini kwa mlango wa bahari mimi ningeweka mbele ya kila kitu jedwali la maji kujaa na kupwa. Utabiri wa hali ya hewa haukwambii maji ya mlangoni yanaelekea wapi, na hilo peke yake linatosha kugeuza hali ya mlango kutoka nzuri kuwa ya hatari ndani ya saa mbili, bila upepo kubadilika hata kidogo.

Sababu ni hii. Wimbi linaposafiri pamoja na mkondo hurefuka na kulala. Linapokutana na mkondo unaotoka kinyume chake, hubanwa, vilele hukaribiana, na nguvu ile ile inalazimika kukaa katika nafasi ndogo, hivyo mgongo unainuka na kusimama. Mkondo pinzani ukifikia robo ya mwendo ambao wimbi lilikuwa nao katika maji tulivu yenye kina, wimbi haliwezi kusonga mbele tena, nalo huvunjika hapo hapo. Kwa mawimbi ya sekunde 4, ambayo ni ya kawaida kwa upepo wa karibu, kiasi hicho ni mkondo wa noti 3 tu, mkondo ambao milango mingi myembamba huupata kila bamvua, yaani siku za maji makubwa. Kwa mawimbi ya sekunde 6 unahitajika mkondo wa noti 4.5 hivi. Mawimbi marefu ya mbali hayazuiwi kwa urahisi namna hiyo, ila nayo huinuka na kuvunjika mapema zaidi kuliko ambavyo kina peke yake kingeyafanya yavunjike. Kanuni hii haihusu milango midogo tu: katika Mkondo wa Agulhas, kwenye pwani ya kusini-mashariki ya Afrika, mawimbi ya kutoka kusini-magharibi yanayokutana na mkondo huo yamejulikana kwa muda mrefu kwa kuharibu hata meli kubwa.

Kwa hiyo soma mwelekeo kwa uangalifu, kwani hapa ndipo wasomaji wapya hupotea. Upepo na mawimbi hutajwa kwa upande yanakotoka, lakini mkondo hutajwa kwa upande unakoelekea. Upepo wa kusini na mkondo wa kusini vinapambana uso kwa uso, ingawa kwenye karatasi vinaonekana kukubaliana.

Kuhusu wakati, mahali penye kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa kina kinachopungua katika sehemu 12: saa ya kwanza hushuka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2 na ya sita 1. Nusu nzima ya maji huondoka katika saa mbili za katikati, na kwa kawaida hizo ndizo saa ambazo mkondo wa mlangoni una nguvu zaidi. Wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa ni kubwa na mikondo ni mikali; wakati wa maji mafu mlango ule ule unaweza kuwa mpole. Ni vyema pia uujue mlango wako binafsi, kwa maana ipo milango yenye ghuba au wangwa mkubwa nyuma yake ambayo huendelea kutoa maji kwa muda mrefu hata baada ya ufuko wa nje kuanza kujaa. Hilo hupatikana kwa kutazama na kuandika, si kwa kusoma jedwali pekee.

Ukichanganya hayo na kipindi cha mawimbi, nadhani unayo maelezo kamili ya siku zako mbili. Swali langu kwako ni hili: siku ile mbaya, maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa?

Boti_Ndogo

Nashukuru sana kwa majibu haya. Nimetazama jedwali la siku zile. Siku ya kwanza nilipita maji yakiwa yamebakiza muda mfupi kujaa. Siku ya pili yalikuwa katikati ya kupwa, tena siku za bamvua. Kipindi cha mawimbi sikukiandika siku yoyote, ila nitaanza kukiandika.

Naomba niwape mfano ili nione jinsi mnavyofikiri. Utabiri wa siku moja unasema hivi: upepo wa kusini-mashariki noti 8 hadi 10 asubuhi, ukiongezeka hadi noti 18 alasiri, mawimbi ya upepo mita 0.8, sekunde 5. Mawimbi ya mbali mita 1.1, sekunde 15, kutoka kusini-mashariki. Mlango unafungukia kusini-mashariki, na penye kina kidogo kuliko pote pana mita 3 wakati wa kupwa. Maji yanajaa kikamilifu saa nne asubuhi na kupwa kikamilifu saa kumi alasiri, yakipungua kwa mita 2.5. Je, mngetoka? Na kama mngetoka, saa ngapi?

Msoma_Ramani

Kabla wenzangu hawajajibu mfano huo, naomba niseme kuhusu upepo, kwa sababu ile noti 18 ya alasiri inastahili kuchunguzwa kabla ya kuaminiwa.

Upepo unaotajwa katika utabiri ni wastani. Idara ya Hali ya Hewa ya Australia huwakumbusha wasomaji wake kwamba mivumo ya ghafla inaweza kuzidi wastani kwa asilimia 40, na kwamba mawimbi makubwa kabisa yanaweza kufikia mara mbili ya urefu uliotajwa. Noti 18 inaweza basi kuleta mivumo ya noti 25. Msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo wake, hivyo kutoka noti 10 hadi noti 20 msukumo huongezeka mara nne, jambo linaloonekana haraka kwa boti nyepesi yenye ubavu mrefu.

Jambo la pili ni ukubwa wa nafasi ambayo mfumo wa kompyuta wa kutabiri hali ya hewa unaweza kuiona. Data za mfumo wa Marekani uitwao GFS, ambazo programu nyingi za simu huzitumia bila malipo, hutolewa kwa nukta za ramani zinazoachana kwa robo ya digrii, yaani takriban kilomita 28 karibu na ikweta. Mfumo wa kituo cha Ulaya, ECMWF, hufanya kazi kwa miraba ya takriban kilomita 9. Rasi yako, kilima kilicho nyuma ya ghuba yako na mlango wenyewe vinaweza kuwa ndani ya mraba mmoja, na kwa mfumo huo mraba mzima ni bahari tupu au nchi kavu tupu. Unapogusa skrini mahali hasa ulipo na kupata namba, usidhani kwamba mtu au kompyuta imepachunguza mahali hapo. Aghalabu programu imekadiria tu kati ya nukta mbili za mbali.

Kinachopotea zaidi katika miraba mikubwa ni upepo wa baharini wa mchana. Jua linapopasha nchi kavu joto kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda na ya baharini huingia kuchukua nafasi yake; upepo huo huanza kabla ya adhuhuri au muda mfupi baada yake, hufikia kilele alasiri na kufifia jioni. Ukikutana na upepo mkuu unaovuma upande huo huo, vyote viwili huungana na unaweza kupata noti kadhaa zaidi ya zilizotabiriwa. Ukikutana na upepo mkuu wa kutoka nchi kavu, unaweza kuuzima na kuleta utulivu wa ajabu, kisha kuugeuza kabisa. Kwenye ncha ya rasi upepo hubanwa na kuongeza kasi, na upande wa demani (ule upepo unakoelekea) wa kilima kirefu hushuka kwa mivumo isiyo na mpangilio, ingawa kwa macho mahali hapo panaonekana pamekingwa. Nahodha anayetafuta hifadhi ya upepo ayakumbuke mawimbi pia, kwa kuwa mawimbi ya mbali hupinda kufuata kina cha maji: hujikusanya kwenye rasi na kutawanyika ndani ya ghuba, na sehemu iliyokingwa na upepo kabisa inaweza kupokea mawimbi yaliyozunguka rasi.

Kuna tahadhari nyingine inayowahusu hasa wasomaji wa Kiswahili. Taarifa nyingi za bahari huandikwa kwa saa za ulimwengu, zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane, nasi tunahesabu saa kuanzia machweo na mawio. Anayesoma 0600 akaielewa kuwa saa sita, bila kwanza kuongeza au kupunguza tofauti ya eneo lake na bila kubadilisha hesabu, atakuwa na utabiri sahihi wa wakati usio wake. Ninashauri uandike kila taarifa upya kwa saa unazotumia wewe, na jedwali la maji kando yake, kwenye karatasi moja.

Mlinzi_wa_Pwani

Ninaheshimu hesabu zote zilizoandikwa hapa, lakini sikubaliani na namna mazungumzo yanavyoelekea, kana kwamba kila mtu atajitengenezea utabiri wake kutokana na data za simu. Taarifa rasmi ya idara ya hali ya hewa ya mahali husika hupitiwa na mtabiri aliyefunzwa, anayelinganisha mifumo kadhaa, vipimo vya maboya na picha za setelaiti, na ndiyo peke yake inayobeba maonyo. Tangu Robert FitzRoy alipoanzisha huduma ya maonyo ya dhoruba Uingereza mwaka 1861, kusudi limekuwa lile lile, kwamba baharia apate neno lenye mamlaka kabla hajatoka. Programu ya simu haina neno hilo. Inaonyesha rangi nzuri na mishale, na rangi zile zile zitaonekana hata kama mifumo mingine mitatu inapingana nayo.

Ningependa pia msomaji azingatie maneno ya taarifa rasmi, kwa sababu yamewekewa mipaka. Katika kipimo cha kimataifa cha hali ya bahari, bahari ya daraja la 4, ile ya kadiri, ina mawimbi ya mita 1.25 hadi 2.5; ya daraja la 5, iliyochafuka, ina mita 2.5 hadi 4. Daraja la 4 lina nafasi ya kutosha kwa siku njema na kwa siku ambayo boti ya mita sita haipaswi kuondoka bandarini. Asiyejua mipaka hiyo husikia “kadiri” akafurahi.

Msoma_Ramani

Ndugu Mlinzi_wa_Pwani, hapo sina ubishi. Taarifa rasmi ianze, na onyo likitolewa hakuna hesabu ya kulitengua. Nilichokusudia ni kwamba taarifa hiyo huhusu eneo lenye upana wa makumi au mamia ya maili, na mtabiri hawezi kuandika kuhusu kila mlango. Kazi ya kuishusha hadi kwenye mlango mmoja humwangukia nahodha, atake asitake. Data za simu ninazitumia kwa jambo moja tu: kulinganisha matoleo yanayofuatana. Mifumo mikuu hutoa matokeo mapya kila baada ya saa 6 au 12. Toleo la jana jioni, la asubuhi na la mchana yakikubaliana kuhusu saa ambayo upepo utaongezeka, ninaanza kuiamini saa hiyo, na yakiwa yanaisogeza mbele kila mara, ninapanga kama kwamba itasogea tena.

Rubani_wa_Mlango

Narudi kwenye mfano wa Boti_Ndogo, maana ni mfano mzuri: namba yake ya jumla ingesomeka karibu mita 1.4, ambayo haitishi, ilhali siku hiyo ina sura mbili tofauti kabisa.

Tuangalie mawimbi ya mbali kwanza. Mawimbi ya mita 1.1 yenye kipindi cha sekunde 15, yakiingia kwenye kina cha mita 3, yatainuka hadi takriban mita 1.6 kwa sababu ya kupungua kwa kina peke yake. Yale makubwa ya kundi, yanayokaribia mita 2.2 huko nje, yangehitaji kuinuka kupita mita 3. Lakini wimbi huvunjika urefu wake unapofikia karibu asilimia 78 ya kina, ambayo hapa ni mita 2.3. Kwa maneno mengine, wakati wa kupwa mawimbi mengi yatapita bila kuvunjika, na kila baada ya muda litakuja kundi litakalovunjika katika upana wote wa mlango. Huo ndio mtego mbaya kuliko yote, kwa kuwa mtu hutazama kwa dakika tano, akaona njia safi, akaingia. Saa nne asubuhi, kina kikiwa mita 5.5, mawimbi yale yale makubwa yanainuka hadi mita 2.8 hivi na mpaka wa kuvunjika uko kwenye mita 4.3. Yanapita yakiwa mazima.

Sasa ongeza mkondo na upepo. Kuanzia saa sita mchana hadi saa nane maji yanatoka kwa nguvu kuelekea kusini-mashariki, mawimbi ya aina zote mbili yanatoka huko huko kusini-mashariki, na upepo wa mchana ndio unaongezeka. Kufikia saa nane kina kimeshapungua kwa sehemu 9 kati ya 12, kimebaki mita 3.6, na mawimbi makubwa tayari yanavunjika hata bila kuhesabu mkondo. Vitu vitatu vibaya vinakutana katika saa zile zile, na kila kimoja kilikuwa kimeandikwa mahali tofauti: kimoja kwenye utabiri wa upepo, kimoja kwenye utabiri wa mawimbi, kimoja kwenye jedwali la maji.

Mimi ningetoka, iwapo hakuna onyo rasmi, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, maji yakiwa bado yanaingia. Ningepanga kurudi na kuwa ndani ya mlango kabla ya saa tano, nisisubiri noti 18 zifike. Nikiwa na watoto, ningetazama pia toleo jipya la utabiri asubuhi ile ile, na kama kipindi cha mawimbi ya mbali kimepanda au saa ya upepo imesogezwa mapema, nisingetoka. Kabla ya kupita, simama mahali pa juu unapouona mlango wote na utazame kwa dakika 20 bila kukatisha, ili makundi makubwa yapate muda wa kujitokeza. Ukiona hata kundi moja linavunjika katikati ya njia, mlango umefungwa kwa boti ya ukubwa wako.

Na iwapo umechelewa huko nje na maji yameshaanza kutoka kwa nguvu, usijaribu kuingia kwa kuwa tu nyumbani panaonekana. Kuingia ni hatari kuliko kutoka, kwani mawimbi yanakuja kwa nyuma, yanainua tezi (sehemu ya nyuma ya boti), na boti inaweza kugeuzwa ubavu mbele ya wimbi linalovunjika. Tena ukiwa nje unaona migongo tu, hivyo mlango huonekana mtulivu kuliko ulivyo. Kaa kwenye maji yenye kina, mbali na fungu la mchanga na miamba, omo (sehemu ya mbele ya boti) ikielekea mawimbi, watu wote wakiwa wamevaa jaketi za kuokolea maisha. Waarifu walio nchi kavu kwa redio kwamba unasubiri, kisha subiri. Katika mfano wako, baada ya saa kumi alasiri maji yanaanza kuingia, na kufikia saa kumi na mbili kasoro mkondo utakuwa unakwenda pamoja na mawimbi na kina kikiwa kinaongezeka, ingawa upepo bado unavuma. Lakini machweo yako karibu. Kama boti haina taa na mlango hauna maboya yenye taa, nafasi yako ni nyembamba, nayo ni sababu ya ziada ya kuwa umesharudi kabla ya saa tano asubuhi.